Damu Yangu Katika Jalada Lako

9 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Nimefika salama juzi, na jana asubuhi nilikuwa tayari juu ya kreni yangu, mita ishirini juu ya vichwa vya wote wanaonisengenya. Nakuandikia mapema maana najua utalalamika. Baba alikuwa tarishi miaka thelathini, na urithi aliotuachia ni huu wa kuandikiana. Wenzetu wanapigiana simu, sisi tunalamba stempu.

Mkono haujambo? Ulichonifanyia Jumanne ile sitakisahau. Sheria mpya ya kiwanda unaijua: mwenye sukari anayefanya kazi juu lazima apimwe damu kwa kile kipimo kipya cha figo, na figo zikionekana zimeharibika, unashushwa kufagia ghala. Mimi sukari ninayo mwaka wa kumi na mbili sasa. Uzito, presha na macho nilipima mwenyewe Jumatatu, lakini kwenye damu roho ilikataa kabisa. Kile kipimo cha zamani, kreatinini, kilikuwa na subira. Kinangoja mpaka figo ichoke karibu nusu ndipo kiseme. Hiki cha sasa, sistatini, kinaona ufa wakati nyumba bado imesimama wima.

Ndiyo maana nikakukabidhi kadi yangu. Wewe huna sukari, hata mafua ya maana hujawahi kuugua, na pale dirisha la maabara ya kliniki hawaangalii uso, wanaangalia mshipa. Usimwambie Mama. Wala mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo ninapokuogopa, maana jina la Chiriku hukupewa bure.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Mkono haujambo, ila walijaza vichupa vitatu mpaka nikawauliza kama wana wageni. Yule mama wa dirishani hakucheka. Watu wa maabara nadhani huwa wanaachia kicheko getini.

Nilirudi karakana siku ileile nikamalizia kiti cha mwalimu mkuu. Kabla ya kufunga kitambaa nikaandika kwenye mbao za ndani, kama kawaida yangu. Si unajua tabia yetu mafundi wa makochi? Tunaandika tarehe na mambo yetu ndani ya fremu, tunapiga sponji juu yake, halafu waheshimiwa wanakuja kukalia siri zetu. Nami niliandika huku mdomo umejaa misumari, kwa hiyo usinitukane kwamba siwezi kunyamaza.

Majibu yakitoka niambie damu yangu imepata alama ngapi. Nataka kujisifu mahali, hata kama ni kwako tu. Mama anakusalimu. Anauliza kwa nini ulikaa siku nne tu, na mimi nimekutetea kwa uongo wa pili. Sasa una deni la kuniombea.

Chiriku


2 Aprili

Mdogo wangu,

Majibu yametoka. Safi kabisa. Daktari wa kiwanda ameandika kwamba ninafaa kwa kazi, na maisha yanaendelea. Karatasi yenyewe nimeichana kwa usalama wetu sote wawili.

Chiriku, hizo soda punguza. Nne kwa siku si mchezo kwa mtu anayekaribia arobaini. Kunywa maji. Na tembea jioni, usikae tu umeinamia viti vya watu. Usiniulize kwa nini. Ni ukubwa tu unanisumbua.

Dada yako


20 Agosti

Dada, Mheshimiwa Mganga wa Maji,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili niliisoma huku nakunywa soda, nikaona aibu, nikamalizia haraka ili aibu iishe.

Ila maji kwa kweli nayanywa, tena bila kuambiwa. Kiu imenishika tangu miezi miwili hii, nakunywa jagi zima na mdomo bado ni mkavu. Na chooni nimekuwa mkazi. Mwanafunzi wangu wa ushonaji anasema ningehamishia cherehani hukohuko. Jioni viatu vinanibana mpaka navivua njiani. Mama anasema ni umri, na Mama ana miaka sabini na sita, kwa hiyo nimechukia.

Nilifikiri nipite ile kliniki yenu kubwa, maana njia nimeshaijua na dirisha nimeshalijua. Safari hii niende kwa kadi yangu mwenyewe. Unaonaje?

Chiriku


6 Septemba

Mdogo wangu,

Usiende pale. Watakukumbuka, na wakikukumbuka mimi nimekwisha. Nenda zahanati iliyo karibu na nyumbani, wao wanatosha. Mwambie mganga akupime sukari. Hakuna sababu, ni desturi nzuri tu kwa mtu mzima.

Wananipa kreni mpya, ile kubwa ya uani. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuiendesha. Nilitamani Baba angeona.

Dada yako


11 Novemba

Dada,

Shikamoo, na hongera sana kwa kreni! Nimemwambia kila mtu, hata aliyekuja kuuliza bei tu.

Zahanati nilikwenda. Mashine ya sukari ipo, vijiti vyake vimeisha, wakasema nirudi. Nilirudi, bado vimeisha. Mganga akasema hata hivyo sina sura ya mtu wa sukari, sijui sura yake ikoje. Mgongo unauma na miguu inavimba kwa sababu ya kusimama na kuinama, ndivyo alivyosema. Amenipa vidonge vya maumivu, nakunywa asubuhi na jioni, na kweli nimepata nafuu. Nimemaliza makochi saba mwezi huu. Unasemaje, niendelee navyo? Wewe ndiye unayeishi na madaktari.

Chiriku


15 Januari

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Kreni mpya inataka akili yote, na mwisho wa mwaka tulifanya zamu mbili mbili.

Kuhusu vidonge, msikilize mganga wako. Mimi si daktari.

Mpe Mama salamu.

Dada yako


8 Julai

Kwa mwenye jalada namba 417

Ndugu,

Sampuli ya damu uliyotoa kwetu tarehe 3 Machi mwaka jana ilionyesha wastani wa sukari ulio juu, pamoja na sistatini iliyopanda, ambayo ni dalili ya mapema kwamba figo zimeanza kuathirika. Kipimo cha kreatinini kilikuwa bado cha kawaida. Katika hatua hiyo ulionekana kufaa kwa kazi, kwa sharti la kuanza matibabu na kurudi kupimwa damu na mkojo baada ya miezi mitatu.

Hukurudi. Barua mbili tulizotuma kiwandani hazikujibiwa, hivyo tunatumia anwani ya nyumbani iliyo kwenye kadi yako. Tafadhali fika mapema iwezekanavyo. Epuka vidonge vya maumivu bila ushauri wa daktari, kwa kuwa vingi kati ya hivyo vinaumiza figo.

Muuguzi, Kliniki ya Kisukari


12 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefungua barua yako. Nisamehe, bahasha ilikuja kwenye sanduku la nyumbani na nilidhani ni ya Mama. Nimeinakili neno kwa neno humu ndani uisome mwenyewe, yenyewe nimebaki nayo.

Kumbe ulirudi ukapima kwa siri, ukaambiwa figo zimeanza kuguswa, ukanyamaza peke yako muda wote huu! Nimelia karakana mpaka mteja akadhani nimejigonga kwa nyundo. Sasa naelewa kwa nini barua zako zimekuwa fupi. Ulikuwa unaumwa, na mimi nakuandikia habari za soda na choo kama mtoto.

Dada, nenda. Kreni ni chuma tu. Muuguzi anasema ni mapema, na mapema maana yake kuna la kufanya. Kama unaogopa kwenda peke yako, nitafunga karakana nije nikushike mkono. Sijakasirika kwamba ulinificha. Ni wewe tu nakutaka uwe hai.

Mdogo wako anayekupenda


20 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenichoma. Ndiyo, ni kweli, nilirudi nikapima mwenyewe baadaye, na ndivyo walivyonikuta. Sikutaka kukutia wasiwasi. Nimeanza dawa, usijali. Usifunge karakana. Usiende kliniki kuwauliza lolote, nitawaandikia mwenyewe.

Barua hiyo ichome moto, Mama asiione.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Sikusalimu. Nimekaa na kalamu siku tatu nikijaribu kuandika shikamoo, mkono haukubali.

Simu zako nimeziona. Sipokei, kwa sababu ukiongea huwa nakuamini. Kwa hiyo soma.

Mwalimu mkuu alirudisha kiti chake wiki iliyopita, springi imekatika. Nilifungua kitambaa, nikatoa sponji, na ndani ya fremu nikakuta mwandiko wangu: "Tarehe 3 Machi. Napiga misumari kwa mkono mmoja, wa kushoto unauma, nimetoka kutoa damu ya Dada." Barua ya kliniki sikuichoma. Nilikuwa nimeibandika ukutani kwa pini, kwa sababu kila nikiiona nilikuwa nakuombea. Nikasimama pale na koleo mkononi, nikisoma mbao, nikisoma ukuta. Tatu Machi. Tatu Machi.

Hukurudi kupima baadaye. Hiyo siku ni yangu. Vichupa vitatu vile ni vyangu.

Sikutaka kuamini. Nilikwenda kliniki nikatoa damu tena na mkojo, safari hii kwa kadi yangu. Majibu yalipotoka nikamkabidhi daktari ile barua ya ukutani na kumwomba anionyeshe na karatasi ya jalada namba 417. Akaona anwani ni moja, akadhani nimekuja kama ndugu wa mgonjwa. Akaziweka mezani sambamba, ya mwaka jana na ya sasa. Ya sasa ni mbaya zaidi. Sistatini imepanda tena, kreatinini nayo imeanza kupanda, na kwenye mkojo kuna protini. Daktari alitikisa kichwa juu ya ile ya kwanza. Akasema, "Huyu dada yako alibahatika, alionekana mapema sana. Angeanza dawa siku ile, huenda angekaa miaka mingi bila figo kumsumbua. Wewe umechelewa kidogo."

Nikamwambia, "Huyo wa kwanza ni mimi."

Akaweka kalamu chini. Akavuta karatasi zote mbili akazisoma upya.

Baadaye aliniuliza dawa ninazokunywa. Nilipomtajia vile vidonge vya maumivu, asubuhi na jioni, miezi tisa, alifumba macho. Nilikuuliza, Dada. Nilikuuliza kwa maandishi kama niendelee navyo. Na wewe ulikuwa na karatasi yenye figo zangu, ukaniandikia kwamba wewe si daktari.

Ulijua kiu ni ya nini. Ulijua miguu ni ya nini. Ulinishauri nipunguze soda, na nikacheka, nikakuita Mganga wa Maji! Nilipotaka kwenda mahali pa kweli ulinipeleka penye mashine isiyo na vijiti. Halafu nilipokulilia nikidhani wewe ndiye mgonjwa, ukayapokea machozi yangu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko figo. Ulipokea pole ya ugonjwa wangu mwenyewe, ukaniita mpenzi.

Sasa nikuambie nilichofanya, ili usisikie kwa watu. Daktari anasema figo hazisomwi kwa karatasi moja, zinasomwa kwa mwendo, zilikotoka na zinakokwenda. Karatasi ya kwanza inabidi itoke kwenye jalada lako iingie kwenye langu. Nimeandika maelezo, nimetia saini. Kiwanda chako kitaandikiwa. Mimi nilikubali kukupa damu, na kosa hilo nimelikiri kama langu. Lakini sikukubali kukupa hili lingine.

Sijamwambia Mama. Si kwa ajili yako.

Mdogo wako, kwa kuwa sina namna ya kulibadilisha hilo


10 Septemba

Mdogo wangu,

Umefanya sawa. Naanza na hilo ili usidhani nimekuja kulaumu.

Kiwanda wamenisimamisha. Si kwa ajili ya figo, ni kwa udanganyifu. Kreni ya uani wamempa mwingine, na mimi narudisha sare Ijumaa.

Utauliza kwa nini. Bahasha ya majibu ya Machi niliifungulia chooni kazini. Niliposoma, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma, Chiriku. Nilisoma mstari unaosema "anafaa kwa kazi" nikasema afadhali. Baada ya hapo ndipo nikakumbuka damu ni ya nani. Nikajiambia maabara imekosea. Nikajiambia nitakuambia wiki ijayo. Wiki ijayo haikufika, kila nilipoikaribia ilisogea. Ukienda hospitali wangekuuliza ulijuaje, na jibu lilikuwa mimi. Na kadiri nilivyochelewa, kuchelewa kwenyewe kukawa kosa jipya la kuficha. Barua za kliniki nilizichoma. Ile ya vidonge niliiandika mara tano. Katika nne kati ya hizo nilikuambia ukweli. Niliyoituma ni ile ya tano.

Kuna jambo jingine, na sijui kama nina haki ya kulisema kwako. Kabla ya kunisimamisha walinipima upya, damu yangu yenyewe, mbele ya daktari na shahidi. Sistatini ya kawaida. Mkojo safi. Miaka kumi na mitatu ya sukari, na figo zangu ni nzima. Nilikuomba damu ili kuficha kitu ambacho hakikuwepo. Mwaka ule ningetoa mkono wangu tu, ningerudi kazini salama, na wewe ungebaki na kiu yako mpaka ikupeleke hospitali ya maana, bila mtu wa kukuzuia njiani.

Kama siku moja figo zako zitashindwa, nitakupa moja ya hizi. Naapa kwa kaburi la Baba. Niambie la kufanya, nitalifanya. Nikija, utanifungulia?

Dada yako


22 Septemba

Dada,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma nikiwa karakana, nikiwa na misumari mdomoni, na nilipofika kwenye figo zako nilifurahi. Niliitema misumari yote sakafuni nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, kabla sijakumbuka kwamba nimekukasirikia. Hasira ilirudi baadaye, ikanikuta nimeshafurahi. Hata hilo nalo limeniuma, kwamba moyo wangu haukuniuliza kwanza.

Usiapie kaburi la Baba. Nilimuuliza daktari kabla hata hujaandika, maana ujinga wangu ulikuwa umeshanipeleka huko, nikijiambia huenda siku moja utanilipa kwa namna hiyo. Mtu wa sukari hatoi figo. Hata zikiwa nzima namna gani, hawazichukui. Kwa hiyo usiniahidi tena.

Vidonge vya maumivu nimeacha. Nakunywa vya presha na vya sukari, na kimoja ambacho daktari anasema kinazilinda figo zilizobaki na nguvu. Soda nimeacha. Kwa sasa figo zinafanya kazi kupita nusu kidogo. Huenda zikakaa hivyo miaka, huenda zisikae. Kila miezi mitatu nitarudi dirishani kunyoosha mkono.

Umeuliza kama ukija nitakufungulia. Mlango ni wa Mama, na Mama atakufungulia. Mimi usinitafute karakana.

Jana walinipa kadi yangu ya kudumu. Kuna mstari chini unaouliza mtu wa kuarifiwa mgonjwa akizidiwa. Tangu nimeanza kujaza fomu maishani, shuleni, chuo cha ufundi, benki, mstari huo nimekuandika wewe bila kufikiri. Jana nilimwandika muuza mkaa wa mlango wa pili. Nilikwenda kwanza kumwomba ruhusa. Alikubali, akafuta mikono, akaniuliza, "Kwani huna dada?"

Nikamwambia ninaye, ila habari zangu zikimfikia huwa zinaishia hapohapo.

Wako wa damu